Binti, Sinema na Marafiki wa Mbali

Steringi hafi. Mtoto wa uswahilini huijua kanuni hii kabla hajasoma barua moja ikaeleweka. Steringi atapigwa, atachubuliwa na risasi begani, atatupwa mtoni na kamba mikononi, lakini banda zima linajua atarudi, na siku hiyo ya kurudi watu watapanda juu ya mabenchi. Ndani ya banda la video hakuna anayekaa kimya. Aliyeiona picha jana huwatangulia wenzake: "Subirini, huyo anatokea nyuma ya mlango." Wengine humwonya steringi kwa sauti, kana kwamba atageuka awashukuru.

Naanzia hapo kwa sababu watu wa rika langu wakimwona kijana ameinamia simu usiku, spika za masikioni zimemziba, anacheka peke yake, husema amejitenga na watu. Mimi nadhani bado hatujamtazama vizuri. Huku kwetu sinema haijapata kuwa shughuli ya mtu mmoja. Tumeitazama kwa makundi, tumeisimulia barazani, tumegombana juu yake njiani kurudi nyumbani. Kijana wa leo amepokea desturi hiyo hiyo, na kwa wasichana, simu imefungua mlango ambao banda liliufunga.

Banda umiza halihitaji maelezo mengi kwa aliyelelewa Dar es Salaam, Tanga au Mwanza. Mabati, giza, joto, benchi lisilo na mgongo, televisheni moja juu ya kabati, na ubao wa chaki nje wenye jina la picha na saa. Siku hizi mengi yanaishi kwa mpira wa Ulaya, lakini kwa miaka mingi muvi ndizo zilizoyalisha. Filamu ya Kenya ya "Supa Modo", iliyotoka 2018 chini ya uongozaji wa Likarion Wainaina, imeyaelewa mabanda haya kuliko makala nyingi: msichana mgonjwa anayeota kuwa shujaa, na kijiji kizima kinachoamua kumtengenezea ndoto yake. Ndani ya banda picha haikamiliki mpaka watu wameitia sauti zao.

Na kutia sauti kulikuwa kazi yenye wataalamu. Dar es Salaam ilimpata Lufufu, yaani Kapteni Derek Mukandala, aliyezitafsiri filamu za nje kwa Kiswahili kwa sauti yake moja, akawa mwanamume, mwanamke, askari na jambazi kwa zamu. Kenya wanaye DJ Afro. Uganda kuna VJ Jingo na wenzake, wanaofanya kazi hiyo kwa Kiganda. Watu hawa hawakuishia kwenye maneno ya wahusika. Walieleza kwa nini mzee yule amenuna, wakamlaumu mke, wakataja mitaa ya hapa hapa, wakaipa hadithi ya Hong Kong ndugu na majirani. Bibi zetu walifanya kazi hiyo wakisimulia ngano, na hakuna msikilizaji wa ngano aliyekaa bila kuitikia.

Lakini banda lilikuwa la wavulana. Msichana aliyeonekana akitoka humo alirudi nyumbani na maelezo ya kutoa, na mtaa ulikwisha kumpa jina. Sinema za zamani zilikuwa na heshima zaidi kwa wanawake. Unguja, katika kumbi kama Majestic ya Vuga, iliyojengwa upya miaka ya 1950 baada ya ukumbi wa awali kuungua, Jumapili ilikuwa siku ya picha za Kihindi. Familia nzima ilivaa, walanguzi wa tiketi walifanya biashara nje, na palikuwa na maonyesho ya wanawake pekee, ambako mama na mabinti walikaa kwa raha, wakamlilia mwigizaji Nargis mpaka shela zikalowa. "Awara" ya Raj Kapoor ya 1951 na "Mother India" ya 1957 ziliingia katika mazungumzo ya nyumba. Tuni za picha hizo ziliingia katika taarabu pia. Juma Bhalo wa Mombasa alijulikana sana kwa kuvalisha mahadhi ya Kihindi mashairi ya Kiswahili.

Kumbi zilipofungwa moja baada ya nyingine na banda likachukua nafasi, mwanamke alirudi sebuleni. Huko alitazama alichowekewa. Kaseti za video, kisha tamthilia za televisheni: za Mexico, za Ufilipino, na mwaka 2011 ile ya China kuhusu Doudou na mama wakwe zake, ambayo TBC iliirusha ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Mama zetu waliielewa siku ya kwanza, maana mambo ya mkwe na mke wa mwana hayahitaji mkalimani. Baadaye Azam wakaleta "Sultan" ya Waturuki, na saa ya Sultan ikifika, hata aliyekuja kudai deni alikaa kwanza. Tatizo la sebule ni kwamba mazungumzo yake huishia kwenye kizingiti. Msichana anayependa sinema kwa dhati, anayetaka kujua nani ameongoza, kwa nini picha imekatwa pale, muziki ule wa nani, alikuwa hana wa kuongea naye.

Binti wa dada yangu ni msichana wa namna hiyo. Ana miaka 19, anakaa Ngamiani, Tanga, amemaliza kidato cha nne na anamsaidia mama yake kuuza vitambaa. Anapenda tamthilia za Kikorea kama wasichana wengi wa umri wake, lakini anapenda pia picha kongwe za Kihindi alizorithi kwa bibi yake, na filamu za hapa anazitazama kwa jicho kali mno. Wenzake wa kweli wa mambo haya hawapo Ngamiani. Wapo kwenye grupu la WhatsApp: mmoja Mombasa, wawili Dar es Salaam, mmoja Bujumbura, mmoja Muscat, na wengine waliotawanyika. Wengi hawajaonana uso kwa uso.

Namna wanavyotazama ndiyo iliyoniaminisha kwamba banda halijafa. Husubiri saa sita usiku, bando la usiku linapoanza, kwa sababu la mchana halitoshi kitu. Kila mmoja ameshapakua picha yake. Mmoja anaandika "haya, bonyezeni", na wote wanaanza pamoja. Kisha zinamiminika sauti zilizorekodiwa: mayowe, vilio, "nilisema mimi!", mtu anamtukana mama mkwe wa Seoul kwa Kiswahili cha Mvita. Wa Bujumbura anaeleza jambo kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kifaransa, wenzake wanamcheka, naye anawacheka. Pale intaneti inapokwama kwa mmoja, wengine husimama wamngoje. Huwezi kuwa na subira hiyo kwa watu usiowajali.

Wanaosema urafiki wa namna hii umeletwa na simu wamesahau redio. Kabla ya simu za mkononi tulikuwa na watuma salamu. Mtu wa Kigoma alijaza kadi ya salamu, akaipeleka kituoni, ikasomwa hewani ikimtaja mwenzake wa Lindi ambaye hakuwahi kumwona, kisha wa Lindi akajibu wiki nyingine. Walijipa majina ya sifa, wakaunda vilabu, wakatembeleana kwenye harusi na misiba. Kenya nako mambo yalikuwa hivyo hivyo, na wapo waliojulikana nchi nzima kwa majina yao ya salamu. Kulikuwa na marafiki wa kalamu pia, waliobadilishana picha ndogo za studio ndani ya bahasha. Hakuna aliyesema watu wale wamepotoka. Tulisema wana marafiki wengi.

Grupu la mpwa wangu lina adabu zake, na hakuna mahali zimeandikwa. Mgeni akiingia hutoa salamu, hujitambulisha, hutaja mji wake na picha tatu anazozipenda. Anayesimulia mwisho kabla siku mbili hazijapita hukaripiwa, akirudia hutolewa. Ramadhani mchana hakuna mjadala wa muvi kabisa, na hata Wakristo waliomo huiheshimu kawaida hiyo. Kwaresima nao hufanyiwa hisani ya namna yake. Mwenzao akifiwa, mazungumzo ya sinema husimama siku tatu, kama matanga yanavyotaka, na michango ya rambirambi hupita kwa simu. Wa Muscat hupitishia kwa shangazi yake aliyeko Unguja. Niliposikia hayo nilimwambia dada yangu kwamba wale si wahuni, wamelelewa.

Dada alikuwa na njia yake ya kuhakikisha. Aliposikia kuna rafiki Muscat, aliuliza swali ambalo mama wa pwani huuliza juu ya rafiki yeyote: "Wa nani huyo? Kwao wapi?" Binti hakujua. Akatumwa akaulize. Jibu likarudi kwamba bibi yake yule msichana ni wa Malindi, Unguja, walihamia Oman zamani, na Kiswahili ndicho wanachosema nyumbani. Dada akataka kuzungumza na mama mtu. Walianza kwa salamu ndefu, wakaingia kwenye koo na mitaa, wakaishia kwenye mkate wa ufuta. Sasa hutumiana salamu za Idi, na wasichana wao wamekuwa marafiki mbele ya macho ya wakubwa. Naiona hekima kubwa katika swali lile la "kwao wapi". Halifungi mlango, linamtaka anayeingia aingie na watu wake.

Maana hatari ipo, na sitaki kuipunguza. Aliwahi kujitokeza mtu mwenye picha nzuri sana, akajiita mtayarishaji wa filamu anayetafuta sura mpya, akaanza kuwaandikia wasichana mmoja mmoja faraghani. Alitaka ada ya usaili, kisha akataka picha. Kilichowaokoa ni kwamba walikwisha kuzoea kuambiana. Wa Mombasa aliwauliza wenzake kama nao wameandikiwa, wakaweka jumbe zao pamoja wakakuta maneno ni yale yale. Walimtaka atume sauti yake, akakataa. Wakamtoa, wakamripoti. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, lakini sheria hufika baada ya tendo, na msichana aliye peke yake na aibu yake haendi polisi. Mzazi anayempokonya binti simu humwondolea hao wenzake pia, na tapeli hawezi kuomba zaidi ya hapo.

Jambo moja tunaligombania mimi na mpwa wangu bila kuoneana haya: picha za kunakiliwa. Grupu lake, kama magrupu mengi, huishi kwa viungo vya Telegram visivyomlipa mtu. Namwambia ndivyo Bongo Movie ilivyoumizwa, kaseti kisha diski zilipokuwa zikinakiliwa Kariakoo kabla wino wa jalada haujakauka. Namkumbusha mwigizaji Steven Kanumba. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28, Kinondoni ilifurika watu, na wengi wao hawakuwahi kumpa mkono. Walimlilia kama ndugu kwa sababu alikuwa ameingia majumbani mwao jioni baada ya jioni. Kama twaweza kumlilia mtu kiasi kile, twaweza kununua kazi yake akiwa hai. Binti hunijibu kwamba zingekuwepo kwa bei ya bando lake, angenunua. Ana hoja, nami sina jibu la kumtosheleza. "Vuta N'kuvute" ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021, aliitafuta muda mrefu bila kuipata. Mwisho aliazima riwaya, akaimaliza, akawasomea wenzake sura nzima kwa sauti ndani ya grupu. Wa Bujumbura aliomba irudiwe.

Na urafiki wa mtandaoni wenye mapenzi ya sinema huweza kufanya kazi ya mikono. Wakaliga, mtaa wa kimaskini wa Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza "Who Killed Captain Alex?" mwaka 2010 kwa bunduki za vyuma chakavu, na VJ Emmie akaitia sauti. Mmarekani mmoja wa New York, Alan Hofmanis, aliona kipande chake kifupi kwenye intaneti, akapanda ndege, akamtafuta Nabwana mpaka akampata. Hakuishia kupiga picha ya kumbukumbu. Alihamia, akashiriki kutengeneza filamu na kuuawa ndani yake mara nyingi. Mpwa wangu anakipenda sana kisa hiki. Anasema yule alifanya wanachotaka kufanya wao.

Wanachotaka ni kukutana. Wamechagua tamasha la filamu la nchi za jahazi, ZIFF, linalofanyika Unguja tangu 1998, ambako picha huonyeshwa usiku Ngome Kongwe, chini ya anga, na watu wa mji wakikaa pamoja na wageni. Wa Muscat atakuja na mama yake, watafikia kwa yule shangazi. Wa Mombasa anahesabu nauli ya kuvuka Horohoro. Wa Bujumbura hana uhakika, na wameanza kumchangia. Dada yangu ameridhia kwa masharti: kila mmoja ajulikane kwao, wasilale hotelini, na binti asisafiri peke yake. Sharti hilo la tatu limeniangukia mimi. Nimewaomba wanitumie orodha ya picha mapema, nao wamenitaka kwanza nijitambulishe kwenye grupu, nitaje mji wangu na picha tatu ninazozipenda. Mbili nimeshazipata. Ya tatu bado tunabishana.