Klachi Si Breki

Kikundi kikijichanga na kununua pikapu ya kubebea maziwa au mboga, kazi inayofuata ni kuitunza. Wanakikundi wengi huangalia tairi na oili. Ni wachache wanaoangalia mguu wa kushoto wa dereva. Hapo ndipo pesa nyingi za vikundi hupotelea, na pengine hata uhai wa watu.

Klachi ni ya nini?

Klachi huunganisha injini na giaboksi. Ukiikanyaga, injini na magurudumu huachana. Ukiiachilia, hushikana tena. Kwa hivyo ina kazi ya kubadilisha gia, na kuzuia injini isizime gari linaposimama. Haipunguzi mwendo hata kidogo. Breki ndizo hupunguza mwendo, na injini huzisaidia mradi imeshikana na magurudumu.

Dereva akiona ng'ombe mbele, mara nyingi hukimbilia klachi kwanza, breki baadaye. Hapo amejinyima msaada wa injini, na breki zinabaki zikifanya kazi pekee yake.

Njia iliyo sawa

1. Ondoa mguu kwenye mafuta mapema. Usiguse klachi. Injini itaanza kulivuta gari nyuma.
2. Kanyaga breki polepole mpaka mwendo upungue.
3. Kama unaendelea na safari, kanyaga klachi, shusha gia moja, kisha uiachilie taratibu. Usitoke gia ya nne hadi ya kwanza gari likikimbia: injini itapiga kelele na inaweza kuharibika, na kwenye matope magurudumu yatateleza.
4. Kama unasimama kabisa, kanyaga klachi mwishoni tu, gari likikaribia kusimama.
5. Usipoitumia klachi, toa mguu juu yake. Mguu unaopumzika hapo huimaliza klachi kabla ya wakati wake.

Kwenye mteremko

Kwa miaka mingi barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, kati ya Salgaa na Sachangwan, ilijulikana kwa ajali za malori. Sababu moja iliyotajwa mara kwa mara ni madereva kuweka gia frii wakiteremka ili kuokoa mafuta.

Hebu tufikirie. Gari lenye mzigo likiwa frii halina kitu cha kulizuia isipokuwa breki. Breki zikikanyagwa muda mrefu hupata moto sana, na zikipata moto hazishiki tena. Mafuta ya breki yanaweza hata kuchemka, na dereva akikanyaga, pedali inazama tu. Anayezima injini kabisa hujiongezea hatari: breki na usukani huwa vigumu.

Na hayo mafuta yanayookolewa? Katika magari mengi ya siku hizi, ukiteremka gari likiwa ndani ya gia bila kukanyaga mafuta, injini haipewi mafuta, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukiweka frii, ni lazima ichome mafuta ili isizime. Faida iko wapi, basi?

Shusha gia kabla ya kuanza kuteremka, si katikati. Madereva wa zamani husema: gia uliyopandia mlima ndiyo ya kuteremkia. Tumia breki kwa vipindi, uziache zipoe. Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta mahali salama usimame.

Mjadiliane kikundini

- Dereva wetu huteremka vipi akiwa na mzigo? Nani amewahi kuketi kando yake akaona?
- Tulibadilisha klachi mara ya mwisho lini, na kwa pesa ngapi?
- Je, tunamsukuma dereva aokoe mafuta mpaka anaona afadhali aweke frii?

Swali la mwisho msiliruke. Dereva akibanwa sana kwa mafuta, lawama si yake peke yake.