Mtoa Taarifa za Uvamizi Alindwe

Mchungaji akiona nyayo za vijana wenye bunduki zikielekea malisho ya Nakalale, Turkana Kaskazini, ana saa chache tu za kuokoa watu na mifugo. Ila kuna hofu inayomfunga mdomo: nikisema, nani atajua ni mimi? Wavamizi wana jamaa zao, wana wanunuzi mjini, na simu pia wanazo.

CEWARN, mpango wa tahadhari ya mapema wa IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika, uliotokana na itifaki ya Khartoum ya mwaka 2002, uliwategemea watu kama huyu kuripoti wizi wa mifugo mipakani. Mtoa taarifa akinyamaza, mpango wote umekufa.

Akiripoti kwa simu, ujumbe mfupi wa kawaida hupita kwenye mitambo ya kampuni ya simu ukiwa unasomeka, na mfanyakazi mmoja mwenye tamaa anatosha kuuvujisha. Usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho huuvuruga ujumbe ndani ya simu ya mtumaji, kabla haujaondoka. Ufunguo wa kuurudisha uko kwa mpokeaji peke yake. Signal hufanya hivyo, na WhatsApp iliwafikishia watumiaji wake wote kinga hiyo mwaka 2016.

Wapo wanaosema siri hiyo inawafaa wavamizi vilevile. Ni kweli. Lakini ng'ombe mia walioibwa huacha nyayo, wana alama za wenyewe, na lazima wauzwe mahali fulani. Polisi wana pa kuanzia. Mtoa taarifa hana ngao nyingine ila siri. Mlango wa nyuma ukifunguliwa kwenye usimbaji huo ili serikali iweze kusoma ujumbe, atakayeuzwa wa kwanza ni yeye.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko kwenye duka la kuchaji simu. Simu huachwa pale kutwa nzima, haina nywila, ujumbe wote umo ndani. Hapo usimbaji hausaidii kitu. Iwekwe nywila, na ujumbe upangiwe kujifuta. Mwenye simu ndogo ya mulika mwizi, ambayo haina programu hizi, aende kumwambia kwa mdomo mtu anayemwamini mwenye simu ya kisasa.

Na ofisi inayopokea ripoti isiandike jina la mtoa taarifa ndani ya ripoti. Kilichoandikwa kwa nia moja huweza kutumika kwa nyingine: nchini Rwanda, kabila liliandikwa kwenye vitambulisho tangu miaka ya 1930 kwa shughuli za utawala. Mwaka 1994 vitambulisho hivyo vilitumika kwenye vizuizi vya barabarani kuchagua wa kuuawa. Ripoti ya Nakalale inahitaji mahali, saa, idadi ya watu na upande walikoelekea.