Cheche Inapopotea: Uchunguzi na Matengenezo ya Mfumo wa Kuwasha Injini za Petroli Mwambaoni

Injini ya petroli huhitaji mambo matatu ili iende: mchanganyiko wa petroli na hewa wa kiasi kinachofaa, mgandamizo ndani ya silinda, na cheche ya umeme inayoruka kwa wakati wake. Likikosekana moja, chombo husimama. Katika vijiji vya mwambao kama Mkwaja, kusini ya mji wa Pangani, jambo linalostahili kushukiwa mapema ni cheche, kwa kuwa adui zake wawili wakubwa, unyevu na chumvi, hawaondoki hapo mwaka mzima. Kwa mwenye pikipiki ya abiria anayempeleka mgonjwa hospitali usiku, na kwa mvuvi aliye nje ya miamba na mashine ya kupachika nyuma ya boti, kukosekana kwa cheche si usumbufu mdogo. Na kwa dereva aliyekwama ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005 na ambayo sehemu yake ni ardhi ya iliyokuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja, kushuka garini na kufungua boneti ni jambo la kufikiriwa mara mbili, maana simba na tembo wamo.

Ifahamike tangu mwanzo kuwa maelezo haya hayahusu injini za dizeli, ambazo ndizo zinazoendesha malori, mabasi na magari mengi ya safari. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa sana, bila plagi wala cheche. Fundi anayetafuta waya wa plagi katika injini ya dizeli atatafuta mpaka jua lichwe.

Volti 12 huzaaje volti 20,000?

Betri ya gari hutoa volti 12 tu, na nguvu hiyo haiwezi kurusha cheche hata kwenye nafasi nyembamba kama ukucha. Katika hewa ya kawaida, umeme huhitaji takriban volti 3,000 ili uruke milimita moja. Ndani ya silinda hewa imegandamizwa, na kadiri inavyogandamizwa ndivyo inavyozidi kuupinga umeme. Kwa hiyo plagi yenye nafasi ya milimita 0.7, ambayo nje ya injini ingetoa cheche kwa volti elfu mbili au tatu, ndani ya injini huweza kudai volti 10,000 na zaidi. Jambo hili tutalirudia, kwa sababu ndilo linalowapoteza mafundi wengi.

Kazi ya kuongeza nguvu hiyo hufanywa na koili. Ndani yake mna kiini cha chuma kilichozungushiwa nyaya mbili: moja nene yenye mizunguko mia kadhaa, na nyingine nyembamba kama unywele yenye mizunguko elfu nyingi. Mkondo wa betri unapopita katika waya mnene, chuma hugeuka sumaku. Mkondo huo ukikatwa ghafla, sumaku hufifia mara moja, na kufifia kwake husukuma umeme katika kila mzunguko wa waya mwembamba. Misukumo hiyo midogo ikijumlishwa hufikia volti 10,000 hadi 25,000 katika magari ya zamani, na 30,000 au zaidi katika magari ya sasa. Kanuni hii iligunduliwa na Michael Faraday wa Uingereza mwaka 1831, wakati hapakuwa na gari la petroli popote duniani.

Msomaji azingatie neno «ukikatwa». Cheche haizaliwi mkondo unapopita, bali unapokatwa. Na kadiri unavyokatwa kwa ukali ndivyo cheche inavyokuwa na nguvu. Katika magari ya zamani, kama vile Land Rover za petroli zenye silinda nne, mkatajio hufanywa na pointi: vipande viwili vya chuma vinavyofunguliwa na kufungwa na mhimili ulio ndani ya distribyuta. Nafasi yake vinapofunguka ni milimita 0.35 hadi 0.40. Kando yake hukaa kondensa, ambayo hupokea mkondo uliokatwa ili usiendelee kuruka baina ya pointi. Kondensa ikifa, mkondo hukatika kwa uzembe, sumaku hufifia polepole, cheche hudhoofu, na pointi huungua zikawa nyeusi. Fundi anayebadilisha pointi zilizoungua na kuiacha kondensa ile ile atazibadilisha tena baada ya muda mfupi.

Kazi hii haina mapumziko. Injini ya mapigo manne yenye silinda nne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika hudai cheche 6,000 kwa dakika hiyo, yaani 100 kila sekunde. Ndiyo maana tangu miaka ya 1970 watengenezaji walianza kuziacha pointi na kutumia transista, ambazo hazichakai kwa kugusana. Katika pikipiki nyingi na mashine za boti hutumika kisanduku ambacho mafundi wetu hukiita sidiai. Hiki hufanya kazi kwa njia nyingine: hujaza kapasita umeme wa volti 200 hadi 400, kisha huumwaga wote kwa mpigo mmoja ndani ya koili. Kisanduku hicho hakifunguliwi wala hakitengenezwi. Hupimwa kwa kukibadilisha na kingine kinachojulikana kuwa kizima, na hilo lifanywe mwisho, si mwanzo. Nimeona sidiai nzuri zikitupwa kwa kosa la waya mmoja uliooza.

Chumvi na umande

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Upepo wa kusi na wa kaskazi hubeba matone madogo ya maji hayo hadi nchi kavu. Matone hukauka, chumvi hubaki juu ya kila kitu: mabati, madirisha, na kofia ya distribyuta. Mchana chumvi hiyo kavu haina madhara makubwa. Usiku hewa ikipoa, chumvi huvuta unyevu na kugeuka utando mwembamba wa maji yanayopitisha umeme. Umeme wa volti 20,000, ambao siku zote hutafuta njia iliyo rahisi, huuacha mwanya wa plagi na kuteleza juu ya utando huo hadi kwenye chuma cha injini. Hivyo gari lililoegeshwa jioni likiwa zima hukataa kuwaka alfajiri, kisha saa nne asubuhi huwaka bila kuguswa na mtu. Wako wanaodhani kuwa limerogwa.

Njia nzuri ya kuitambua hitilafu hii ni kuitazama injini ikizunguka gizani. Palipo na uvujaji huonekana mng'ao wa buluu ukitambaa juu ya waya au kofia. Dawa yake ni kuzima injini, kutoa sehemu hizo, kuziosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kuzikausha kabisa, na kupaka grisi ya silikoni chini ya vifuniko vya mpira. Kupangusa kwa kitambaa kikavu peke yake huiondoa maji na kuiacha chumvi, na usiku wa pili shida hurejea. Kofia ikionyesha ndani yake mistari myembamba myeusi yenye matawi kama mizizi, hiyo ni njia ya kaboni iliyochomwa na umeme wenyewe. Haioshwi ikatoka, kofia hubadilishwa.

Chumvi hula pia maungio. Ncha ya waya iliyofunikwa na unga wa kijani au mweupe huweza kuonekana imeshikana na huku haipitishi mkondo wa kutosha. Kabla ya kununua kifaa chochote, fundi na afungue maungio ya betri, ya koili na hasa ya waya wa ardhi unaokwenda kwenye chasisi, ayasugue kwa msasa hadi chuma king'ae, kisha ayakaze.

Hatari iliyomo kazini

Mvuke wa petroli huwaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, na petroli hutoa mvuke wa kutosha hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri; sembuse katika joto la Tanga. Nguvu inayohitajika kuuwasha haifiki hata millijuli moja. Cheche ya plagi ina makumi ya millijuli. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, kwa hiyo hautawanyiki juu bali hutambaa chini na kujikusanya mashimoni.

Hatuhitaji kwenda mbali kuona maana ya takwimu hizi. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, na watu wakakusanyika kuchota petroli iliyomwagika. Moto ulilipuka na kuua watu zaidi ya 100. Taarifa za wakati ule zilieleza kuwa kulikuwa na mtu aliyejaribu kuichomoa betri ya lori hilo. Iwe hiyo ndiyo iliyokuwa cheche ya kwanza au siyo, fundi yeyote anajua kwamba kuchomoa betri hurusha cheche.

Kwa hiyo uchunguzi wa umeme haufanywi mahali penye harufu ya petroli. Chupa za petroli, tambara lililolowa na kabureta iliyofunguliwa viondolewe kwanza, na upepo upite. Sigara isiwepo. Betri inapofunguliwa, waya wa hasi hutangulia. Inapofungwa, huwa wa mwisho, ili spana ikigusa bodi isipige shoti. Gari liwe nyutro na breki ya mkono imevutwa, mikono na nguo ziwe mbali na feni na mikanda.

Ipo desturi ya kushika waya wa plagi kwa mkono ili «kuonja» kama umeme upo. Wanaoifanya husema kuwa umeme huo hauui. Mara nyingi mtu mwenye afya hunusurika, ni kweli, lakini mshtuko huurusha mkono bila hiari, na mkono hutua kwenye feni inayozunguka. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, mchezo huo ni wa kufisha.

Kuitafuta cheche

Anza kwa macho na vitu rahisi. Katika pikipiki, tazama swichi ya kuzimia iliyo kwenye usukani; abiria au mtoto huigusa bila kujua. Katika gari, pima betri: ikiwa imejaa na imetulia huonyesha takriban volti 12.6, na wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6 au 10. Betri dhaifu huzungusha injini ikabakiza kidogo mno kwa koili. Tazama fyuzi.

Kisha toa plagi uisome. Rangi ya kahawia au kijivu ni ya afya. Masizi makavu meusi huonyesha petroli imezidi au chujio la hewa limeziba. Weusi wenye mafuta huonyesha oili inapenya. Weupe uliobabuka huonyesha joto la kupita kiasi. Ikiwa plagi imelowa petroli, basi mafuta yanafika na cheche ndiyo isiyofika. Nafasi ipimwe kwa kipimo cha unene kulingana na kitabu cha chombo chenyewe. Injini nyingi hutaka kati ya milimita 0.6 na 1.1. Kauri ya plagi isisuguliwe kwa brashi ya waya, kwani huacha alama za chuma ambazo nazo hupitisha umeme.

Kuijaribu cheche, usiweke plagi mdomoni mwa tundu ilikotoka: injini ikizungushwa, mvuke wa petroli hutoka hapo na moto hufuata. Chukua plagi ya ziada, ifunge kwa kibano na waya kwenye chuma cha injini, mbali na tundu na kabureta, chomeka waya wa plagi, kisha simama pembeni na umwambie mwenzio apige stata. Usiuache waya ukining'inia bila plagi wala ardhi, hasa katika mifumo ya elektroniki. Umeme ukikosa pa kwenda hujitoboleа njia ndani ya koili au kisanduku, na hitilafu moja huzaa mbili.

Hapa ndipo tunaporudi kwenye mgandamizo. Cheche nyembamba ya rangi ya chungwa inayoruka hadharani yaweza kuzimika kabisa ndani ya silinda. Anayeiona husema «umeme upo» na kuanza kufungua kabureta, akapoteza siku nzima. Kipimo cha haki ni kifaa cha kujaribia chenye nafasi ya milimita 5 au 6: cheche ya buluu ikiruka nafasi hiyo kwa mlio mkali, koili ni nzima. Isiporuka, pima koili kwa mita, swichi ikiwa imezimwa na nyaya zimechomolewa. Koili nyingi za magari ya pointi huwa na takriban omu 3 upande wa waya mnene, na omu elfu kadhaa upande wa waya mwembamba. Mita isiposoma kitu, waya umekatika ndani.

Kwa wenye mashine za boti kuna jambo moja zaidi. Mvuke wa petroli uliovuja hushuka hadi ngama na kukaa hapo, ambako upepo wa juu haufiki. Kabla ya kuvuta kamba, fumba maji ya ngama, inua tenki utazame chini yake, na nusa. Ukisikia harufu, subiri. Mashine nyingi za namna hii hazina betri. Sumaku iliyo ndani ya gurudumu la juu ndiyo inayozalisha umeme, kwa hiyo zikikataa kuwaka, baada ya kuhakikisha kuwa kile kipande cha kamba ya usalama kimekaa mahali pake, badilisha plagi kwanza. Plagi mbili mpya na spana yake huenea katika mkebe mdogo usiopitisha maji. Plagi ianzwe kufungwa kwa vidole mpaka ikae, ndipo ikazwe kwa spana, kwani kichwa cha injini ni cha aluminiamu, na nyuzi zake zikiharibika baharini hakuna wa kuzichonga upya.