Baada ya Uzamivu, Foleni

Mwaka wa pili tulifundishwa ngazi za elimu: shahada ya kwanza, uzamili, uzamivu. Orodha ikakomea hapo. Nilipouliza aitweje mtu aliyemaliza uzamivu lakini hajapata kazi ya kudumu, na anaomba pesa za kufanya utafiti wake mwenyewe mwaka mmoja au miwili, darasa lilitoa majina matano na hatukukubaliana hata kwa moja. Mimi nilikuwa na sababu ya kuuliza. Binamu yangu, binti wa ami, yuko katika hali hiyo tangu 2024, na kila simu ya familia hukwama kwenye neno hilo. Bibi yetu wa Mombasa amelimaliza suala kwa njia yake. Akiulizwa mjukuu wake wa Jeddah anafanya nini, hujibu: "Bado yuwasoma."

Kusoma alishamaliza. Anachofanya sasa ni kusubiri, na nilipokwenda kukaa nao likizo ya Desemba niliona kwamba kusubiri nako ni kazi, ila haina mshahara.

Ami na familia yake wanakaa Jeddah, mtaa wa Al-Safa. (Riyadh nako kuna Al-Safa, kwa hiyo ukimwelekeza mtu taja mji kwanza.) Hapo karibu kuna mtaa wa Al-Marwa, na majina hayo mawili ni ya vile vilima vya Makka ambavyo mahujaji hutembea kati yake mara saba, kwenda na kurudi. Wenyeji wameshauchoka utani huo. Mgeni hawezi kuuepuka, hasa akikaa nyumba moja na mtu anayetuma maombi yaleyale kwa mara ya pili.

Binamu alifanya uzamivu KAUST, chuo kilichofunguliwa 2009 huko Thuwal, kando ya Bahari ya Shamu, kama kilomita 80 kaskazini ya Jeddah. Mada yake ni matumbawe na joto. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalipauka na kufa, na Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia nzima imo katika upaukaji mkubwa wa nne. Ajabu ni kwamba baadhi ya matumbawe ya kaskazini mwa Bahari ya Shamu huvumilia joto ambalo lingewaua wenzao. Anataka kujua kwa nini. Ami hakuielewa mada hii kwa miaka mitatu, mpaka binti yake alipomkumbusha kwamba nyumba za kale za Al-Balad, pale Jeddah, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe kama zile za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja. "Kumbe!" akasema. "Ya nyumba yetu yashakufa, wewe watizama yaliyo hai." Sijasikia muhtasari bora kuliko huo, na andiko lenyewe lina kurasa kumi.

Kurasa kumi kamili. Ufadhili anaouomba ni ule wa Umoja wa Ulaya unaoitwa kwa jina la Marie Skłodowska-Curie, na ukizidisha kurasa, zilizozidi hazisomwi. Mwombaji hujiunga na maabara ya Ulaya itakayompokea, wakaandika pamoja, kisha wataalamu wasiopungua watatu wakatoa alama: ubora wa utafiti asilimia 50, athari zake 30, utekelezaji 20. Raia wa nchi yoyote anaweza kuomba, na hili ndilo lililomvuta yeye, Mkenya aliyezaliwa Saudia. Lakini lazima awe na uzamivu mkononi, usiwe umepita zaidi ya miaka minane, na katika miezi 36 kabla ya siku ya mwisho asiwe ameishi zaidi ya miezi 12 katika nchi anayotaka kwenda.

Mara ya kwanza aliomba Septemba 2024. Walikuwa waombaji 10,360, wakachukuliwa 1,696, yaani kama mmoja kati ya sita. Februari 2025 barua pepe ikaja: alama 90.2 juu ya 100, hakupata. Mama yake alidhani ni kosa la uchapaji. Alikuwa amewalea watoto wanne kwenye shule za Jeddah na hakuwahi kuona tisini inayofeli. Kwa alama 85 na kuendelea mwombaji aliyekosa pesa hupewa cheti cha ubora, nacho kimewekwa fremu sebuleni, kwa amri ya Ami, karibu na saa ya ukutani. Binamu hukaa akikipa mgongo.

Ripoti ya wasahihishaji ilisifu mengi, kisha ikasema jinsi matokeo yatakavyowafikia watu wa pwani haikuelezwa kwa kina. Wafadhili hawa huruhusu hadi theluthi ya muda itumike kwenye taasisi nyingine, hata nje ya Ulaya. Kwa hiyo katika andiko jipya aliongeza miezi ya Kenya, kusini, sehemu za Shimoni na Wasini, na vikao na wavuvi kwa Kiswahili. Basi klabu yetu nayo ikaingia kwenye habari hii. Alinitumia ukurasa mmoja wa maelezo kwa wavuvi, nami nikaupeleka kwenye kikao chetu cha Jumatano. Mnaokumbuka mnakumbuka: dakika arobaini kuhusu kitenzi kimoja. Wengine walitaka matumbawe "yanachujuka", kama nguo. Wengine wakashikilia "yanapauka", kama ngozi isiyopakwa mafuta. Kupauka kukashinda, na nadhani kwa haki, maana nguo iliyochujuka hairudi, na tumbawe lililopauka linaweza kupona joto likipungua mapema. Mvuvi akilielewa hilo kwa neno moja, aya nzima ya maelezo haihitajiki.

Siku ya mwisho ilikuwa tarehe 10 Septemba 2025, saa kumi na moja jioni kwa saa za Brussels. Jeddah ni saa kumi na mbili, kama nusu saa kabla ya adhana ya Magharibi. Alituma mchana. Baadaye zikatangazwa hesabu: waombaji 17,058. Ongezeko la zaidi ya nusu kwa mwaka mmoja, na fungu la pesa halikuongezeka kwa kiasi hicho.

Mwezi Machi mwaka huo maabara iliyokubali kumpokea, iliyoko Ureno, ilikuwa imempa kazi ya ufundi ya miaka miwili. Mshahara mdogo, lakini mshahara. Alikataa. Alihesabu kwamba akikosa tena 2025 na kutaka kuomba tena 2026, atakuwa ameshaishi Ureno zaidi ya miezi 12 na mlango utakuwa umefungwa. Nyumba iligawanyika. Mama yake alisema kanuni gani hiyo inayomwadhibu mtu kwa kufika mapema. Mimi ningeikubali ile kazi, na nilimwambia. Alinijibu kwamba fundi hupima matumbawe ya mwenzake.

Hesabu nyingine iko kwa Ami. Ikama ya mwanafunzi ilikwisha masomo yalipokwisha, na sasa binti yuko tena chini ya ikama ya baba yake, kama alivyokuwa mtoto. Tangu 2017 mgeni anayefanya kazi Saudia hulipia kila anayemtegemea, na ada hiyo imefika riyali 400 kwa mwezi, yaani 4,800 kwa mwaka. Ami yuko karibu kustaafu. Siku atakapoacha kazi ikama yake itakwisha na za wote zinazoifuata, nao watarudi Mombasa, mji ambao binamu anaujua kwa likizo na harusi. Ami halitaji jambo hili mezani. Ameahirisha kustaafu mara moja tayari, na sababu aliyoitoa ni goti la mama.

Majibu yanatarajiwa Februari. Akipata, ni miaka miwili tu, kisha ataomba kitu kingine. Kwa sasa anafundisha hisabati watoto wa jirani jioni, na ametuma maombi mengine mawili ambayo hataki yatajwe. Mama yake ameweka nadhiri ya karamu, kwa sharti kwamba barua ije kabla ya Ramadhani, ambayo mwaka huu inatarajiwa kuanza kama tarehe 18 mwezi huohuo. Bibi hupiga simu kila Ijumaa, na siku hizi haulizi tena kuhusu masomo. Huuliza: "Wale Wazungu washajibu?"