Nani Hubeba Mawe Kambini?

Ukitaka kulijua jeshi, chungulia kambini mwake uone nani anapika, nani analima na nani anajenga. Arusha ina mifano ya enzi mbili.

Wa kwanza ni Boma la Wajerumani, lililokamilika mwaka 1900, ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Waarusha na Wameru waliokwisha kushindwa vitani ndio waliosombeshwa mawe yake kwa shuruti. Askari kazi yao ilikuwa kulinda na kusimamia. Kupika, kufua na kuteka maji kukawa juu ya wake zao na maboi.

Wa pili ni Oljoro, Kikosi cha 833 KJ cha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kusini mwa jiji. JKT lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati huo, wakaasi, na jeshi jipya lililoundwa Septemba mwaka huo likatakiwa liwe la wananchi, lisiloona haya kushika jembe.

Ndiyo maana siku ya kuruta wa JKT ina kazi mbili. Filimbi humwamsha kabla ya mapambazuko: mchakamchaka na nyimbo za chenja, usafi, kwata, kisha shamba. Huko kila mmoja hupimiwa kipande chake, na mwepesi akimaliza humsogelea mwenzake aliyebaki nyuma, kwa kuwa kombania hurudi hangani pamoja. Kwata huuzoesha mwili kutii amri papo hapo. Jembe huuzoesha kuvumilia kazi ndefu isiyo na shangwe. Askari huzihitaji zote mbili.

Nguvukazi hiyo ina thamani kubwa. Ukuta wa kilomita 24.5 unaozunguka migodi ya tanzanaiti Mirerani ulijengwa na JKT kwa takriban miezi mitatu, ukazinduliwa Aprili 2018. Lakini Aprili 2021 vijana 854 wa kujitolea, wakiwamo walioshiriki ujenzi huo, waliondolewa JKT baada ya kudai ajira jeshini.

Waliojenga Boma hawakuulizwa kama wanataka. Kijana wa kujitolea wa JKT huingia kwa hiari, na kujitolea kuna maana pale tu anapojua atapata nini na hatapata nini. Stadi, posho, nafasi ya ajira: yote hayo aelezwe waziwazi, kwa maandishi, kabla hajakabidhiwa jembe.