Safari ya Almasi (4): Jiwe la Kati na Majirani Zake

Tangu habari za mnada wa Hong Kong zitoke Oktoba 2022, simu yangu haina raha. Wasomaji wanauliza imekuwaje jiwe la karati 11.15 linunuliwe kwa dola za Marekani milioni 57.7, na kama kweli limechimbwa kwetu Mwadui. Limechimbwa Mwadui, na jina lake linatosha kuwa ushahidi: Williamson Pink Star. Lakini likitajwa jiwe la waridi la Mwadui, mimi mawazo hunikimbilia kwa dada yake mkubwa, na leo mtanivumilia nianzie huko.

Dakta Williamson, yule Mkanada mwanzilishi wa mgodi wa Mwadui tuliyekwisha kumjua katika sehemu zilizopita, alilipata jiwe hilo Oktoba 1947. Likiwa ghafi lilikuwa na karati 54.5. Akalitoa zawadi kwa Elizabeth, aliyekuwa akiolewa mwezi uliofuata, huyu huyu Malkia aliyefariki Septemba 2022. Mwaka 1948 likakatwa London na kampuni ya Briefel and Lemer, likabaki karati 23.6. Mwaka 1953 Cartier wakaliweka katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua, lililochorwa na Frederick Mew. Petali, shina na majani ya ua hilo ni almasi nyeupe 203.

Mia mbili na tatu! Picha za harusi ya Charles ya mwaka 1981 zitazameni tena, Malkia amelivaa. Kila mtu hulitazama lile la waridi. Mimi huzitazama nyeupe, nikamfikiria fundi aliyeketi na kibano chake, akiokota moja, akiirudisha, akiokota nyingine, mpaka zote zikawa za damu moja. Petali moja ingeingiwa na umanjano, ua zima lingeonekana limeanza kunyauka.

Umanjano huo, tulikwisha kusema, huletwa na naitrojeni iliyonaswa ndani ya jiwe. Leo unapimwa kwa herufi, kuanzia D isiyo na rangi hadi Z ambayo umanjano wake hauhitaji mtaalamu. Kwa nini D? Kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wamezichakaza A, B na C: kila mmoja na A yake, mwingine akiandika A mbili, mwingine tatu, kama watoto wanaoshindana kuhesabu. Taasisi ya GIA ya Marekani, katika miaka ya 1950, ikaona heri ianze upya na herufi ambayo hakuna aliyeichafua.

Kabla ya herufi yalikuwepo majina, na hapa ndipo penye donda langu. Almasi nyeupe sana iliitwa River. Iliyoifuata ikaitwa Wesselton, jina la mgodi wa karibu na Kimberley, Afrika Kusini. Yenye umanjano ikaitwa Cape, kwa ile Rasi ya huko huko. Mgodi wa watu ukawa jina la rangi, likatamkwa na masonara wa Ulaya ambao Kimberley hawakuwahi kufika. Mwadui, yenye mwamba wa kimberlaiti wa hekta 146, mmoja wa mikubwa kabisa iliyowahi kuchimbwa duniani, haikuachiwa hata daraja moja. Anayeipa rangi jina ni yule mwenye mezani mawe ya kulinganishia. Sisi tulikuwa na sururu.

Nimerefusha, na swali nililokusudia kulijibu ni la mpwa wangu. Alikuja Jumapili na pete ya uchumba ya dhahabu nyeupe, jiwe la kati nusu karati, limezungukwa na vijiwe. Cheti chake kinasema K. Akaniuliza, "Mjomba, mbona hili la katikati kama limemwagiwa chai? Wamenipunja?"

"Hapana, mjomba," nikamwambia, "jiwe ni zima. Majirani ndio wanalichongea."

Nilichukua karatasi nyeupe, nikaikunja, nikaiweka karibu na dirisha mahali jua lisipofika moja kwa moja, nikaigeuza pete uso chini. Kwa upande wa mgongo jiwe haliwezi kujificha nyuma ya mmeto wake. Nikalipulizia pumzi likaingia ukungu, na ule umanjano ukatulia, ukaonekana. Vijiwe vya pembeni vilikuwa kama barafu. Cheti hakikuvitaja hata kwa neno moja, na ndivyo vyeti vingi vilivyo: humsema bwana harusi, wapambe wajijue.

Kanuni si ngumu. Kijiwe kidogo huficha rangi kwa kuwa mwanga husafiri njia fupi ndani yake, hivyo kinaweza kuwa daraja moja au mbili chini ya jiwe la kati na jicho lisijue. Kosa ni kukifanya cheupe mno. Mawe ya pembeni yakiwa makubwa, hasa yaliyokatwa kwa ngazi ndefu, hayana maficho. Hayo yalingane kabisa. Na jiwe la K lilitaka dhahabu ya njano, ambayo ingeukaribisha umanjano wake kama ndugu. Lakini vijana wa siku hizi wanataka weupe tu, hata pale ambapo weupe unawaumbua. Mpwa wangu atabadilisha vijiwe. Jiwe la kati libaki.

Huyo atakayevibadilisha yuko wapi? Iringa tulikuwa na kiwanda cha Tancut, Watanzania wakikata almasi kwa mikono yao. Hao walikuwa na jicho la kutofautisha weupe na weupe, jicho lisilopatikana kwa miezi mitatu ya semina. Kiwanda kilikufa, nasi tunashangilia mnada wa Hong Kong kana kwamba hundi imeandikwa kwa jina letu. Nitaendelea kulisema hili mpaka mhariri anichoke.

Sehemu ijayo nitaandika juu ya ukataji. Kama nyumbani kwenu yupo mzee aliyefanya kazi Tancut, tafadhali mwombeni aniandikie kupitia gazeti hili, akumbuke hasa walivyokuwa wakichambua rangi, na kwa taa gani.