Wifi ya depo: mbele ya kununua mashini ingine



Musimu wa kahawa, depo zingine zinaandika kilo za kila mukulima ndani ya telefone, kisha liste inatumwa ku biro kwa njia ya wifi. Liste ikichelewa, malipo nayo yanachelewa. Mukulima aliyeleta matunda yake asubuhi na kurudia mikono mitupu, kesho atauzisha kwa mununuzi wa njiani mwenye franka mukononi, hata kwa bei ya chini. Basi rezo si mambo ya vijana tu. Ni mambo ya koperative nzima.

Rezo ikikatika, wengi wanataka kununua mashini "yenye nguvu zaidi". Mbele ya kutoa pesa, mufanye jaribio hili: musimame na telefone mita mbili tu karibu na kisanduku cha wifi. Kama hata pale inaenda polepole, mara nyingi shida iko kwa intaneti munayolipia, haiko kwa wifi. Kama pale iko muzuri lakini ku mizani inakatika, musome yanayofuata.

Kuingia ndani ya mashini

Chini ya kisanduku kuko etiketi yenye anwani (mara nyingi 192.168.0.1 ao 192.168.1.1) na neno la siri. Muandike anwani hiyo mu telefone, fasi munaandikaka anwani za intaneti. Mupige picha ya kila ukurasa mbele ya kugusa kitu. Kisha mubadilishe kitu kimoja tu kwa mara moja, na mujaribu ku mizani. Ni sawa shamba la majaribio: ukibadilisha mbegu na mbolea pamoja, hautajua ni nini ilileta mavuno.

Mambo ine ya kupanga

1. Inchi ("Pays"). Muchague Kongo yetu, RDC. Kila inchi iko na sheria zake za mawimbi, na kwetu ni ARPTC inayozichunga. Kuweka inchi ingine ili kupata nguvu zaidi ni kuvunja sheria.

2. Kanale ("Canal"). Mu mawimbi ya 2.4 GHz, kanale zinaachana kwa 5 MHz tu, lakini wifi moja inakamata upana wa 20 MHz. Kwa hiyo kanale za karibu zinakanyagana, kama maharagi yaliyopandwa bila nafasi. Mutumie 1, 6 ao 11. Kuko programu za bure za telefone zinazoonyesha kanale za majirani. Muchague ile yenye watu wachache.

3. Upana ("Largeur"). Muweke 20 MHz. Ukiweka 40, unakamata karibu nusu ya shamba lote la 2.4 GHz, na makelele ya majirani yanaingia zaidi.

4. Nguvu ("Puissance"). Inapimwa kwa dBm. Ukiongeza 3, nguvu inazidi mara mbili: 17 dBm ni miliwati 50, 20 dBm ni miliwati 100. Lakini wifi ni mazungumzo, si matangazo. Kisanduku kinaweza kupiga kelele mupaka ngambo ya bonde, lakini telefone yenye batri ndogo inajibu kwa sauti ya chini. Ndiyo sababu unaona alama za rezo zimejaa na liste haiendi! Kwa shida hiyo, kupandisha nguvu hakusaidie.

Kinachosaidia ni kuhamisha kisanduku. Mukitundike juu, fasi kinaonana na mizani. Mabati yanazuia mawimbi, na maji yanayameza. Musikiweke nyuma ya ukuta wa mabati ao nyuma ya magunia ya kahawa yenye bado maji.

Kama mashini yenu iko pia na 5 GHz, mujue kwamba inaenda mbio lakini inachoka haraka mbele ya kuta. Kwa mizani ya mbali, mubakie ku 2.4.

Kupima

Programu ile ile inaonyesha namba ya rezo, kama −60 ao −80. Yenye kukaribia sufuri ndiyo muzuri. Ku mizani, mutafute −67 ao zaidi ya pale. Ikifika −80, kazi itakatika-katika. Namba zingine munazoona ndani ya ukurasa na hamuelewi, muziache vile zilivyo.

Mukimaliza, muandike kanale, upana, nguvu na neno la siri ndani ya kaye ya koperative, ibakie kwa sekretere. Kijana anayejua mashini akienda kusoma muji mwingine, kazi isisimame. Na hata rezo ikiwa muzuri, kila mukulima anapashwa kurudia nyumbani na karatasi ya kilo zake. Wifi inaharakisha malipo, lakini karatasi ndiyo ushahidi wake.